Siri ya mgonjwa: kutoka Juliana hadi kompyuta

Wadau, leo turudi nyuma kidogo. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa Kagera. Mitaani ugonjwa ukabatizwa Juliana, jina la kitambaa cha magendo kutoka Uganda. Enzi hizo Kyerwa ilikuwa bado Karagwe, iligawanywa 2012.

Siri ilivuja kwa mdomo. Ukikonda tu, unanyooshewa kidole. Lakini umbea ule ulitembea kwa miguu, ukihama kijiji ulikuwa na pa kupumulia.

Siku hizi jina, simu, majibu na malipo vinaingia kwenye kompyuta. Zikivuja humo hakuna pa kuhamia. Januari 2019 Singapore ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wenye virusi zimemwagwa mtandaoni.

Kwetu Sheria ya Ukimwi ya 2008 inataka majibu yawe siri, na ile ya taarifa binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Safi. Ila sheria haifungi kabati la mafaili wala haitunzi nywila.

Mtu wa Kayanga au Murongo akihofia siri yake kuvuja, hapimi. Asiyepima hatibiwi. Hapo ndipo umbea unapoua, mimi naona hivyo. Nyie mnasemaje?