Kabla Hujanunua Straika, Jiulize Nani Atampa Mpira

Wasee, gemu za ukocha ni za zamani kuliko tunavyodhani. 1982 Kevin Toms wa Uingereza alitoa Football Manager ya kwanza. 1992 ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, wakaleta Championship Manager.

Enzi hizo ukipata jina, kazi imeisha. Muulize yeyote aliyecheza toleo la 2001/02 kuhusu Cherno Samba. Dogo wa Millwall, mzaliwa wa Gambia, hata 18 hajafika, lakini kwa gemu alikuwa anafunga kama amelaaniwa. Uwanjani? Hakuwahi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Halafu Football Manager 2010 ikaleta majukumu ya kila mchezaji ndani ya mfumo. Swali likabadilika kutoka “nani mkali?” hadi “nani anafaa hapa?” Straika wa vichwa bila winga wa kupiga krosi ni hasara. Ukitaka kukaba juu na mabeki wako hawana mbio, mipira ya nyuma itakumaliza.

Leicester walionyesha hiyo kitu live 2016. Vardy alitoka Fleetwood, Mahrez Le Havre, Kanté Caen. Hakuna aliyekuwa jina kubwa. Lakini Kanté anapokonya, Mahrez anapiga pasi, Vardy anakimbia: kombe likaenda nyumbani.

Kwa hivyo wewe unayelia klabu yako inunue staa kila dirisha la usajili, bado unacheza gemu ya 2001. Kwanza niambie mtacheza aje. Jina litafuata.