Watoto na Likizo Ndefu: Historia Fupi kutoka Makanyagio

Katika nchi za kaskazini ya dunia likizo ndefu ya skuli huja pamoja na kiangazi. Madarasa hufungwa Julai na Agosti, mchana hurefuka, na wazazi wakaanza kuulizana: hawa watoto wadogo watashughulishwa na nini hadi skuli zifunguliwe? Swali hilo siku hizi husikika pia katika miji ya Tanzania, na Makanyagio, mojawapo ya kata za mji wa Mpanda, haimo nje ya orodha. Lakini huko swali lenyewe ni geni. Kwa miongo mingi likizo haikuwa wakati mtupu unaotafutiwa kitu cha kuujazia. Skuli ndiyo iliyomtoa mtoto katika shughuli zake, na likizo ndiyo iliyomrejesha.

Ili jambo hili lieleweke, kwanza itazamwe mvua. Pwani na visiwani mwaka hugawanywa na masika na vuli, kaskazi na kusi. Mpanda ina msimu mmoja tu: mvua huanza kiasi cha Novemba na kukoma kiasi cha Aprili, kisha hufuata ukame mrefu. Kalenda ya skuli za Tanzania nayo imekuwa na likizo mbili kubwa, ya Juni na ya Desemba. Desemba katika Mpanda ni wakati wa kupanda na kupalilia. Juni ni kipupwe, na mahindi yanavunwa na kupukuchuliwa. Likizo zote mbili, basi, zilimkuta mtoto pale pale ambapo nyumba ilihitaji mikono. Wasomaji wa Pemba hawatashangaa, kwani kwao skuli zimewahi kufungwa katika msimu wa karafuu ili wanafunzi nao wakachume.

Kazi ya mtoto mdogo ilikuwa na daraja zake. Wa miaka mitano au sita alichunga mdogo wake na kufukuza kuku kwenye nafaka iliyoanikwa. Aliyemzidi kidogo alikwenda kuteka maji na kuokota kuni. Aliyekwisha kuaminiwa alipewa kuamia ndege na kufukuza nyani, akakaa juu ya dungu tangu alfajiri, kombeo mkononi. Mvua zilipoanza, watoto walifuatana na mama zao kuingia katika misitu ya miombo kutafuta uyoga, na huko wakajifunza upi unalika na upi unaua. Somo la namna hiyo halikuwa na daftari, lakini lilikuwa na mtihani mkali. Walichuma furu na matunda mengine ya porini. Katika familia za wafugaji Wasukuma, waliohamia na ng'ombe wao katika miongo ya karibuni, likizo ilikuwa na maana ya kushika fimbo na kwenda machungani.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ajabu ni kwamba katika maisha hayo mama na ulimwengu hawakuwa walimu wawili wanaopingana. Mama alimtuma mtoto, na mtoto akaukuta ulimwengu njiani, akiwa pamoja na wenziwe waliomzidi mwaka mmoja au miwili.

Skuli yenyewe iliingia upande huu wa nchi kupitia Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walijenga kituo chao hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Miongoni mwa watoto wa kwanza waliolelewa hapo walikuwamo yatima waliokombolewa utumwani. Kengele ya misheni ilileta jambo jipya: siku iliyokatwa vipande, saa ya darasa ikiwa mbali na saa ya sala, na saa ya kazi ikiwa mbali na saa ya mchezo. Juu ya dungu mambo hayo yote yalikuwa pamoja. Mtoto aliamia ndege huku akifinyanga ng'ombe wa udongo, na mkono ule ule uliorusha jiwe ndio uliocheza.

Mji wa Mpanda ulitokana na madini ya risasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mgodi ulifunguliwa, na tawi la reli kutoka Kaliua likajengwa ili kuusafirisha mzigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mgodi ulikuwa umekwisha kufungwa, lakini reli ilibaki, na watu walibaki. Mji wa namna hiyo haukuwatenga wakaazi wake na jembe. Nyumba ilikuwa mjini, shamba lilikuwa nje ya mji, na likizo ilikuwa ndiyo njia ya kati ya hivyo viwili. Neno makanyagio kwa Kiswahili ni mahali panapokanyagwa, na katika mji wa aina hii miguu ya watoto ilikuwa na sababu ya kukanyaga kila upande.

Dola nayo ililiona jambo hilo. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alihoji kalenda iliyowaondoa wanafunzi wote kwa wakati mmoja. Mifugo haiwezi kuachwa peke yake, wala shamba la skuli haliwezi kustawi ikiwa kila mtu yuko likizoni wakati wa kupanda, kupalilia au kuvuna. Shauri lake lilikuwa madarasa yapokezane likizo. Fikra hiyo ilitaka kuunganisha tena vile vipande vilivyokatwa na kengele. Miaka michache baadaye, uhamishaji wa watu katika vijiji uliweka makaazi mengi mbali na mashamba ya zamani, na Elimu ya Msingi kwa Wote ikawaingiza watoto wengi zaidi darasani kuanzia 1977. Dungu likawa mbali, na dawati likawa karibu.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba likizo ilikuwa kazi tupu. Jioni uwanja ulikuwa wa watoto. Mpira ulisokotwa kwa makaratasi, mifuko ya nailoni na kamba. Magari yaliundwa kwa waya na makopo, na gurudumu likakatwa kwenye kandambili iliyochakaa. Katika mdako, kijiwe kilirushwa juu na vingine vikakombwa kutoka kishimoni kabla hakijatua, na mtoto akajifunza hesabu bila ya kujua. Katika rede, unaofanana na nage ya Unguja, wawili walirusha mpira kutoka pande mbili, na aliye katikati aliukwepa huku akijaza mchanga ndani ya chupa. Katika kombolela, mmoja alilinda kopo na kuwasaka waliojificha. Aliyeweza kulifikia kopo na kulipiga teke aliwaweka huru wote waliokwisha kukamatwa. Mtoto wa Mbende, wa Mkonongo, wa Mpimbwe na wa Mfipa walikutana katika michezo hii kwa Kiswahili, na sheria zake hazikuandikwa na mtu mzima yeyote.

Usiku ulikuwa wa vitendawili na hadithi. Palipokuwa na redio, Radio Tanzania Dar es Salaam ililetea watoto kipindi cha Mama na Mwana, na hadithi ya jikoni ikapata mwenzake wa hewani.

Haifai, lakini, kuipamba historia hii kupita kiasi. Mzigo haukugawanywa sawa. Mvulana alirudi shambani akaenda uwanjani, na msichana alirudi shambani akaingia jikoni. Palipolimwa tumbaku au kuchimbwa dhahabu, kazi ya likizo iliweza kumvuta mtoto hata skuli zikafunguliwa bila yeye. Kwa sababu hiyo sheria ilipokuja ilikuwa na la kusema. Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, unaotambua haki ya kupumzika na kucheza. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikauhesabu mchezo na mapumziko miongoni mwa mambo ambayo mzazi anawajibika kumpa mwanawe.

Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, na Mpanda makao yake makuu. Ofisi ziliongezeka, viwanja vikapimwa, na mahali palipochezewa kombolela pakajengwa ukuta. Televisheni, iliyoanza Zanzibar mwaka 1973 na kuchelewa Bara hadi 1994, ilifika pamoja na vibanda vya video, na baadaye simu ikafika kiganjani. Mzazi aliyeajiriwa hana likizo mwanawe anapokuwa nayo. Mtoto asiye na shamba la kwenda hufungiwa ndani, au hupelekwa masomo ya ziada, ambayo Serikali yenyewe imewahi kuyakataza wakati wa likizo, au huachwa azurure.

Kilichopungua hapo si vichezeo, kwani watoto wa dungu hawakuwa na hata kimoja cha kununuliwa. Walikuwa na mambo matatu: sehemu yao katika kazi ya nyumba, inayolingana na umri, wenzi wa kucheza nao, na macho ya watu wazima wengi njiani, ambao kila mmoja aliweza kumuuliza mtoto anakwenda wapi na jibu likamfikia mama kabla ya magharibi. La kwanza bado liko mikononi mwa kila nyumba, hata yenye bustani ya mchicha tu uani. Mawili yaliyosalia hayawezi kuletwa na mzazi mmoja peke yake. Yanahitaji uwanja usiouzwa, na majirani wanaojuana majina ya watoto wao.