Sukari Kabatini, Soda Mezani: Historia ya Glasi Moja

Leo nawapa mapishi. Najua wengi wenu mnataka siasa, lakini msiondoke. Siasa itakuja yenyewe, maana hakuna kitu cha siasa kama kabati la jikoni.

Kwanza kinywaji. Tafuta mapasheni 6 yaliyoiva vizuri, yale ambayo ganda limeanza kujikunja. Tafuta ndimu 2, kipande cha tangawizi ukubwa wa kidole gumba, sukari nusu kikombe na chupa moja ya maji ya soda, yale yenye gesi yasiyo na ladha yoyote. Chupa ilale kwenye friji usiku kucha. Ponda tangawizi, itie kwenye sufuria pamoja na sukari na maji nusu kikombe, chemsha mpaka sukari iyeyuke yote na maji yaanze kushika. Hiyo ni shira, kama ile ya visheti. Epua, chuja, acha ipoe kabisa. Kamua pasheni, chuja mbegu, kamulia ndimu humo humo. Sasa chukua glasi, tia barafu, vijiko viwili vikubwa vya shira, maji ya pasheni robo glasi, halafu inamisha glasi na ujazie soda polepole. Koroga mara moja tu. Umemaliza.

Kwa nini nasisitiza ubaridi? Kwa sababu gesi hukaa vizuri ndani ya maji ya baridi. Maji yakipata joto gesi inatoroka, ndiyo maana soda iliyoshinda juani ukiifungua inakumwagikia shati zima. Na ukikoroga sana unaifukuza mwenyewe.

Kama hupati maji ya soda, soda ya tangawizi ya dukani itafaa, ila punguza shira. Bila gesi kabisa utapata juisi nzuri. Bila tangawizi utakunywa tu. Lakini bila sukari? Pasheni na ndimu bila sukari ni adhabu. Na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze.

Tuanze na gesi. Mwaka 1767 kule Leeds, Uingereza, mchungaji mmoja aliyependa sayansi, Joseph Priestley, alikuwa akiishi jirani na kiwanda cha pombe. Aliona kwamba juu ya mapipa ya pombe inayochacha kuna hewa fulani nzito. Akaning'iniza chombo cha maji juu yake, akaona maji yanapata ladha kali kidogo ya kupendeza. Mwaka 1772 akachapisha kijitabu cha kuelekeza watu namna ya kutia hewa hiyo kwenye maji. Hakuwa anawaza starehe. Alitumaini maji hayo yatatibu kiseyeye, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza mabaharia kwenye safari ndefu, ufizi unaoza na vidonda vya zamani vinafunguka upya. Mashine yake ikapelekwa kwenye safari ya pili ya James Cook iliyoanza mwaka huo huo.

Haikutibu kitu. Dawa ilikuwa kwenye ndimu! Na jambo hilo lilikuwa limekwisha kuonekana mwaka 1747, pale daktari wa meli, James Lind, alipowagawa mabaharia wagonjwa 12 wawili wawili na kuwapa dawa tofauti. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Pamoja na hayo, jeshi la majini la Uingereza lilisubiri hadi mwaka 1795 kuanza kuwapa mabaharia wake maji ya malimau kwa utaratibu. Miaka karibu hamsini. Ukidhani urasimu ni ugonjwa wa Afrika peke yake, kumbuka hiyo.

Gesi ikabaki bila ugonjwa wa kutibu, ikawa biashara. Johann Jacob Schweppe, Mjerumani aliyekuwa sonara kule Geneva, alianza kutengeneza maji ya gesi kwa ajili ya kuuza mwaka 1783, akahamia London mwaka 1792. Watengenezaji wa mwanzo walikuwa wakitia magadi kwenye maji hayo, ndipo jina la soda likatoka. Ndiyo, magadi haya haya ambayo mama anatia kwenye maharage yawahi kuiva. Kwa hiyo ukisema "nipe soda baridi" unaomba magadi baridi.

Pasheni naye si mwenyeji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina amepewa na wamisionari wa Kikatoliki walioliona ua lake wakadai wanaona mateso ya Kristo, taji la miiba na misumari. Tangawizi ni ya Asia. Ndimu pia. Katika glasi yako hakuna aliyezaliwa hapa, wote wamekuja kwa meli.

Lakini msafiri mzito kuliko wote ni sukari. Miwa ilianza kulimwa New Guinea maelfu ya miaka iliyopita. Wahindi ndio waliogundua namna ya kuigeuza chembe chembe, na neno lenyewe limetoka kwao, likapita kwa Waarabu, likatufikia sisi kama sukari. Wareno na wenzao wakaipeleka Atlantiki, na huko ikalimwa kwa damu ya Waafrika, kuanzia Brazil mpaka visiwa vya Karibi. Hilo mnalijua. Shuleni tulikariri biashara ya pembe tatu mpaka tukaichora usingizini.

Ambacho shuleni walikigusa juu juu ni kwamba na pwani yetu imo. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Walikuwa wanapelekwa visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Visiwa hivyo baadaye vilifunikwa na miwa. Na katika karne ya 19 Pangani nako kulikuwa na mashamba ya miwa kando ya mto, yaliyolimwa na watumwa, na sukari yake ikiuzwa nje kwa majahazi. Abushiri bin Salim, yule tunayemsoma kama shujaa aliyepigana na Wajerumani mwaka 1888 mpaka wakamnyonga Desemba 1889, alikuwa mwenye shamba la miwa hapo Pangani. Sisemi asiitwe shujaa. Nasema historia ni kama shira: ukiichuja sana unabaki na utamu, hujui tena ilipikwa na nini.

Sasa turuke tuingie Ujerumani mwaka 1940, kwa sababu kuna soda moja iliyozaliwa kutokana na kabati tupu. Vita vimeanza, kiwanda cha Coca-Cola cha Ujerumani hakipati tena malighafi kutoka Marekani. Mkuu wake, Max Keith, akawaambia watu wake watengeneze kinywaji kwa kilichopo. Kilichopo kilikuwa mabaki: maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, na makapi ya tufaha yaliyokwisha kukamuliwa. Wakachanganya, wakatia gesi, wakaita Fanta, kwa kufupisha neno la Kijerumani lenye maana ya njozi. Sukari ilikuwa ya mgawo, na inasimuliwa kwamba akina mama walikuwa wanaitia Fanta kwenye supu ili wapate utamu. Fanta ya machungwa tunayoijua ilikuja baada ya vita, mwaka 1955, kule Naples, Italia. Ile ya kwanza haikuwa na chungwa hata moja.

Najua kinachowajia kichwani wale waliolelewa na wazazi wa miaka ya themanini, kwa sababu sisi nasi tulikuwa na kabati tupu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na kiwanda cha sukari cha huko kikaharibiwa. Vita ikaisha mwaka 1979 lakini hazina ilikuwa imekauka, mafuta yamepanda bei duniani, fedha za kigeni hakuna. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, vikawa vitu vya foleni. Unga wa sembe ulipokosekana watu wakala unga wa mahindi ya njano uliotoka ng'ambo, wakaubatiza "unga wa Yanga" kwa sababu ya rangi yake. Ucheshi wa Mtanzania haufi hata kwa njaa.

Kisha ukaja mwaka 1983. Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi nchi nzima. Wapo waliokuwa wameficha maghala mazima huku watu wakikosa hata sabuni ya kuogea, na hao sina machozi nao. Lakini hofu haikuishia kwa wenye maghala. Mtu mwenye mfuko mmoja wa sukari uvunguni naye hakulala. Watu walitupa bidhaa usiku, porini na mitoni, wasikutwe nazo. Fikiria nchi isiyo na sukari, halafu sukari inamwagwa mtoni!

Mama yangu alikuwa binti wa shule wakati huo. Mpaka leo hawezi kukaa na kilo moja ya sukari ndani ya nyumba. Ikifika kilo moja kwake imekwisha, lazima mtu atumwe dukani. Ana ndoo mbili zenye mifuniko, moja ya mchele na moja ya sukari, na chumvi ya kutosha kijiji kizima. Nikimtania, "Mama, siku hizi maduka yapo kila kona," ananijibu, "Na sisi yalikuwepo, mwanangu. Yalikuwa matupu." Nimeacha kumtania.

Na alikuwa na sababu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua kubwa zilivuruga uvunaji wa miwa, viwanda vikapungukiwa, sukari ikaadimika na bei ikaruka. Serikali ikatangaza bei elekezi, na katika maduka mengi bei hiyo ilibaki kuelekea tu bila kufika. Mitaani watu wakaanza kuulizana tena maswali ya mwaka 1983: nani ameficha? nani ana kibali cha kuagiza? Katikati ya mwaka huo Bunge likapitisha mabadiliko ya sheria yaliyoihusisha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, na ununuzi na uhifadhi wa sukari. Kwa maneno mengine, taifa nalo liliamua kuwa na ndoo yenye mfuniko.

Ndiyo maana sikubaliani na orodha za magazetini za "vitu muhimu vya kuwa navyo jikoni". Zinaandikwa kama vile sote tunanunua kwa mwezi. Nusu ya jirani zangu hununua mafuta kwa kipimo na sukari robo kwa robo, na robo hiyo kwa mwezi inakuja ghali kuliko kilo. Mwenye uwezo wa kuweka akiba analipa kidogo, asiye na uwezo analipa zaidi. Kisha bei ikipanda, wa kwanza anakunywa chai yake kutoka kwenye ndoo, wa pili anakunywa uji wa chumvi. Akiba ni neno zuri, haba na haba hujaza kibaba, lakini hiyo haba ya kwanza inatoka wapi?

Ukiniuliza basi uweke nini kabatini, nitakwambia: sukari, chumvi, mchele, unga, maharage, mafuta, majani ya chai, tangawizi kavu, na magadi kidogo. Shira ukiipika na kuitia kwenye chupa safi yenye mfuniko itakaa kwenye friji wiki mbili au tatu, hivyo siku mgeni akibisha hodi huhitaji kukimbia dukani. Sukari nunueni kwa pamoja, nyumba tatu nne mkachanga mfuko mmoja wa jumla mkagawana. Hiyo si mbinu mpya, bibi zetu waliifanya bila kuita ujasiriamali.

Na Jumamosi mkishatengeneza hiyo soda ya pasheni, mpelekeeni glasi mzee yeyote nyumbani aliyekuwa mtu mzima mwaka 1983. Muulizeni foleni ya sukari ilianza saa ngapi, na nani aliyekuwa anashikiwa nafasi. Kaeni chini kabla hajaanza kujibu, maana barafu itayeyuka yote.