Nani alilipia nkambo wetu tikiti ya treni?

Wandugu, karibu kila mmoja wetu anajua rafiki aliye Brussels ao Montréal, na bibi yake bado yuko hapa Lubumbashi, Kenya ao Katuba, anangojea dosie. Ubelgiji, sheria ya 2011 ilidai anayemwita mwenzake aonyeshe mapato ya 120 kwa mia ya msaada wa chini wa serikali, nyumba ya kutosha na bima. Kanada, anayeita anatia sahihi kwamba atamtunza bibi ao bwana yake kwa miaka 3. Sisi tunalalamika: "Wazungu na makaratasi yao!" Tunafikiri ni mambo ya leo. Kumbe mji wetu huu ulijengwa na dosie za namna hiyo hiyo.

Turudi nyuma. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Treni kutoka kusini ilifika Élisabethville 1910, na 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Wafanyakazi walitoka wapi? Wengi Rodezia ya Kaskazini, wengine Luapula na Lomami. Walikuja wanaume peke yao, kwa kontra za miezi michache. Walilala kwenye kampi mbaya, magonjwa yaliwaua wengi, wengine walitoroka. Kila mara kampuni ilipaswa kulipa tena ili kutafuta watu wengine. Halafu migodi ya Rodezia nayo ikaanza kufunguka, na Waingereza wakahitaji watu wao.

Njo hapo, kuanzia mwaka 1927 na 1928, kampuni ilibadilisha hesabu: kontra za miaka 3, na mwanaume aje na bibi yake. Watu walitafutwa Kasai, Lomami, mpaka Rwanda na Burundi. Mwaka 1928 reli ilifika Port-Francqui, Ilebo ya leo, na safari ya kutoka Kasai ikawa rahisi zaidi.

Kijana asiye na bibi je? Kampuni ilikubali kumkopesha mali ya ndoa, halafu ikakata kidogo kidogo kwenye mshahara wake. Ililipia mwanamke safari, ikatoa nyumba kampini, posho yake na ya watoto, matibabu na mahali pa kuzalia. Lakini ilitaka uhakika: ndoa iwe ya kweli na iandikwe, daktari apime watu, mwanaume awe na kontra. Linganisha na dosie ya leo: mapato, nyumba, afya, uhakika wa ndoa. Tofauti ni moja: leo anayetoa garanti ni bwana ao bibi mwenyewe, zamani alikuwa patron.

Si kwamba kampuni ilipenda sana ndoa. Daktari Léopold Mottoulle, aliyeongoza idara ya wafanyakazi weusi, aliandika mwaka 1946 juu ya siasa hiyo bila kuficha sana. Mwanaume mwenye bibi anakula vizuri, hatoroki, na watoto wake wanakua kampini wakiwa tayari kwa kazi. Wazee walizoea kusema: "Union Minière njo baba, njo mama." Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa inivesite yetu ya Lubumbashi, alichukua wazo hilo akaliweka hata kwenye jina la kitabu chake juu ya Bana Shaba, watoto walioachwa na baba yao.

Sasa tuangalie upande wa mama. Nyumba haikuwa yake, ilifuata kontra ya bwana. Posho pia. Bwana akifa, akifukuzwa ao wakiachana, haki yake ya kukaa kampini inaanguka. Akienda kukaa mjini peke yake, serikali ilikuwa na jina lake: mwanamke mzima "anayeishi peke yake kinadharia", na katika miji kadhaa ya Kongo alilipishwa kodi kwa sababu hiyo. Shida ya miaka ya 1930 ilipofika, bei ya shaba ikaanguka, na kampuni ikarudisha maelfu ya watu kwao. Bibi alirudi na bwana, hata kama bustani yake ilikuwa imeanza kuzaa.

Uchungu mkubwa ulikuja baadaye. Mwaka 1992 na 1993, siasa ilipowafukuza Wakasai hapa Katanga, familia nzima zililala wiki na miezi kwenye gare za Likasi na Kolwezi, zikingojea treni. Wengi walikufa pale. Kati yao kulikuwa wajukuu wa wanawake walioletwa na treni hiyo hiyo, watoto waliozaliwa hapa, wakiambiwa warudi "kwao", mahali ambapo hawajawahi kukanyaga. Miaka 60 ilikuwa imepita, lakini watu bado waliwahesabu kama wageni wa mtu.

Kwa hiyo, wewe unayetayarisha dosie ya kumwita mwenzako, usiulize tu "watampa visa?" Uliza pia: akifika, karatasi yake itakuwa yake, ao itasimama juu ya mgongo wangu? Kanada iliweka mwaka 2012 sharti kwamba baadhi ya walioitwa wakae na mwenzao miaka 2, la sivyo wangeweza kupoteza ukaaji. Mwaka 2017 sharti hilo liliondolewa, juu liliwafanya watu waliopigwa nyumbani waogope kuondoka. Nkambo zetu wa kampini wangelielewa jambo hilo haraka.

Jumapili hii, ukienda kusalimia wazee, uliza: nkambo alifika mwaka gani, kwa treni gani, na nani alilipa? Andika jibu, juu wanaokumbuka wanapungua.