Mtumbwi au Chombo cha Kushona?

Katika Luganda chombo cha majini huitwa eryato, na wingi wake ni amaato. Mwanafunzi wa Kiswahili akitakiwa kulifasiri neno hilo, aghalabu huandika "mtumbwi", na mwalimu humpa alama zake. Kwa vyombo vidogo tafsiri hiyo yafaa. Lakini kwa vyombo vikubwa vya Visiwa vya Sese, ambavyo kwavyo Buganda ilitawala sehemu kubwa ya Ziwa Viktoria, neno hilo halitoshi. Mtumbwi ni gogo moja lililochimbwa. Chombo cha Wasese kilikuwa cha mbao zilizoshonwa, na kwa ufundi kilifanana zaidi na mtepe wa pwani.

Kazi ilianza kwa mkuku. Mti mrefu ulionyooka uliangushwa, ukachongwa kwa shoka na tezo, na ncha yake ya mbele ikaachwa itokeze kupita omo. Misumeno haikuwapo. Ili kupata ubao, fundi alipasua gogo, kisha akalipunguza kwa tezo upande mmoja baada ya mwingine. Hivyo mti mzima ulitoa mbao chache tu. Ukingo wa kila ubao ulichongwa hata ukalingana na ule uliokuwa chini yake, kwani pengo dogo tu lingeingiza maji. Kandokando palitobolewa matundu, mbao zikashonwa kwa nyuzi za mwale, na mishono ikazibwa kwa nyuzinyuzi za mimea. Vikalio vya wapiga makasia vilishikilia mbavu mbili zisiachane. Mwishowe chombo kilipakwa udongo mwekundu, na omo ikapambwa kwa pembe na manyoya.

Mwaka 1875 Henry Stanley, alipokuwa kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza, alipima chombo kimoja akakuta urefu wa futi 72, na upana wa zaidi ya futi 7. Mwaka huohuo mamia ya vyombo yalikusanywa kwa vita dhidi ya Buvuma. Tukumbuke kwamba uzi huoza majini. Kila mshono ulihitaji kutazamwa na kurudiwa, na kwa hiyo nguvu ya Kabaka ziwani iliegemea mikono ya mafundi wasiokoma kazi.

Mikono hiyo ilipatwa na msiba. Kati ya 1900 na 1920 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya ziwa upande wa Uganda. Serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa pwani ya ziwa, na kufikia 1909 visiwa vya Sese navyo vilikuwa vikihamwa. Ufundi wa namna hii hurithishwa kazini, kijana akimtazama mzee; walipotenganishwa na maji, somo lilikatika. Baadaye misumeno na misumari ilichukua nafasi ya tezo na uzi. Umbo la mkuku uliotokeza na jina la Sese vimebaki katika mashua za wavuvi, ila mshono umetoweka.

Basi, ndugu walimu, tusitosheke na neno moja la kamusi. Tuwatume wanafunzi wakawaulize wazee majina ya kila sehemu ya chombo na ya kila zana, kwa lugha zao, kisha tutafute Kiswahili chake pamoja. Kitu kikishatoweka, jina lake ndilo huwa ushahidi wa mwisho kwamba kiliwahi kuwapo.