Karanga na ufuta West Nile: lishe bora huanzia kwenye kukausha

Barabara itokayo mji wa Arua kuelekea Koboko hupita Ombaci, kilomita chache tu kaskazini mwa mji huo. Pande zote mbili za barabara hiyo, katika mashamba ya Walugbara na baadaye ya Wakakwa, karanga na ufuta hulimwa kwa ajili ya chungu cha nyumbani na kwa ajili ya soko. Kwa kaya nyingi ambazo nyama huonekana mara chache, mbegu hizi ndizo huipa mboga mafuta, protini na ladha.

Hata hivyo, thamani ya karanga haiamuliwi jikoni peke yake. Karanga iliyokaushwa vizuri na kuchambuliwa ni miongoni mwa vyakula bora vya bei nafuu Afrika Mashariki. Karanga ileile ikihifadhiwa ikiwa na unyevu inaweza kubeba sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Mbegu zipi huliwa

Kwa elimu ya mimea, karanga si jamii ya korosho wala lozi, bali ni ndugu ya kunde na maharage. Asili yake ni Amerika Kusini, na ilienea Afrika baada ya safari za Wareno. Ndugu yake wa asili ya Afrika ni njugu mawe, ambayo nayo hukua chini ya ardhi.

Ufuta, ambao Waganda wengi huuita simsim, ni zao la kale zaidi. Huvumilia ukavu, na mara nyingi hupandwa katika nusu ya pili ya mwaka ili uvunwe mvua zikielekea kwisha. Mbali na hizo mbili, zipo mbegu za maboga, ambazo watu wengi huzitupa pamoja na maganda, mbegu za alizeti, na tunda la mti wa shea, ambalo kokwa lake hukamuliwa mafuta.

Kilichomo ndani yake

Gramu 100 za karanga kavu zina takriban kalori 567, gramu 26 za protini na gramu 49 za mafuta, ambayo sehemu yake kubwa ni yale yasiyoganda. Ufuta una takriban gramu 18 za protini kwa kiasi hicho, na madini ya chuma ya kutosha. Chokaa iliyomo kwenye ufuta usiokobolewa hukaribia miligramu 975, lakini nyingi imo kwenye ganda na imefungwa na oksalati, hivyo mwili hupata sehemu ndogo tu. Mbegu za maboga zina protini ipatayo gramu 30, pamoja na zinki na magnesi. Alizeti ina vitamini E kwa wingi.

Protini ya mbegu hizi ina upungufu mmoja. Ufuta una lisini kidogo, ambayo ni mojawapo ya viini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage na kunde zina lisini nyingi, lakini zina methionini kidogo, ambayo ufuta unayo. Kwa sababu hiyo, maharage yaliyoungwa kwa ufuta hulisha vizuri kuliko kila kimoja kikiliwa peke yake. Wapishi wa eneo hilo walikuwa wakichanganya hivyo kabla ya maabara kueleza sababu.

Mafuta nayo yana kazi yake. Kirutubisho kilichomo katika majani ya kijani, ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri pale tu mafuta yanapokuwemo katika mlo. Majani yaliyochemshwa kwa maji na chumvi pekee hupoteza sehemu ya faida yake. Kijiko cha karanga zilizosagwa huirejesha.

Jambo hili lina uzito West Nile. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Uganda wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa takriban asilimia 34 ya watoto wa eneo hilo walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 29. Eneo hilo pia lina makazi makubwa ya wakimbizi wa Sudan Kusini na Kongo, yakiwemo Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi wilayani Yumbe na Lobule wilayani Koboko. Tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limegawa chakula humo kwa viwango tofauti kulingana na uhitaji wa kaya, kwa sababu ya uhaba wa fedha. Mgawo unapopungua, kipande kidogo cha ardhi chenye karanga au kunde huwa na maana kubwa.

Katika chungu

Mlo unaojulikana sana katika eneo hilo ni enyasa, yaani ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, ukiliwa kwa mboga ya majani. Majani ya kunde, ambayo Walugbara huyaita osubi, huungwa kwa ufuta au karanga zilizosagwa.

Njia yake ni nyepesi. Karanga hukaangwa bila mafuta kwa moto mdogo, zikigeuzwa mara kwa mara hadi ngozi ianze kubanduka. Zikipoa husuguliwa, hupepetwa kwa ungo, kisha husagwa kwa jiwe au kutwangwa kwa kinu na mchi. Uji mzito unaopatikana hulainishwa kwanza kwa maji ya vuguvugu ili usigande, halafu hutiwa katika mboga iliyokaribia kuiva na kuachwa uchemke polepole huku ukikorogwa, hadi mafuta yaelee juu. Ufuta uliosagwa hutiwa mwishoni kabisa, kwa kuwa huungua upesi na kuwa mchungu.

Mambo matatu huufanya mlo huo uwe bora zaidi. La kwanza, karanga zilizosagwa ni mafuta tayari: zichukue nafasi ya mafuta ya chupa, zisiongezwe juu yake. Vijiko vikubwa viwili vyatosha mboga ya watu wanne. La pili, chumvi ipunguzwe. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja, ikijumlisha ile iliyomo katika vyakula vya dukani. La tatu, maji ya majivu au magadi yanayotumiwa kulainisha majani yatiwe kwa uchache, kwa sababu huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B.

Kwa kuwa mbegu zina madini ya chuma ambayo mwili huyafyonza kwa shida, nyanya, limau au embe katika mlo huohuo husaidia. Chai hufanya kinyume chake, hivyo ni heri inywewe saa moja baada ya kula.

Kama vitafunio

Kiasi kinachofaa kwa siku ni konzi moja ya mtu mzima, takriban gramu 30, ambayo ina kalori zipatazo 170. Kwa mkulima anayeshinda shambani hicho ni chakula cha kumfikisha mchana. Kwa mtu anayekaa ofisini kutwa, konzi tatu juu ya mlo kamili humwongezea uzito.

Karanga za kukaangwa bila mafuta na bila chumvi ni bora kuliko zile zilizochovywa katika mafuta. Vitone vya ufuta na asali, ambayo West Nile inasifika nayo, ni chakula kizuri kwa mtoto wa shule aliyepita mwaka mmoja, mradi asali iwe ya kushikanisha ufuta tu. Kashata yenye sukari nyingi kuliko karanga ihesabiwe kuwa peremende. Mbegu za maboga huoshwa, hukaushwa juani, kisha hukaangwa kwa dakika chache. Zinaweza pia kusagwa na kuungwa kama karanga.

Wanaonunua lozi na karanga za Ulaya kwa kudhani kwamba zetu ni za daraja la chini hawana sababu ya kufanya hivyo. Tafiti zilizofuatilia watu wengi kwa miaka mingi nchini Marekani zimeonyesha kuwa walaji wa karanga za kawaida walipata nafuu ya moyo inayokaribiana na ya walaji wa lozi na jamii zake.

Sumukuvu: hatari isiyoonekana

Mwaka 1960, zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza. Chanzo kilipatikana katika mashudu ya karanga kutoka Brazili, yaliyokuwa na sumu itokanayo na kuvu aina ya Aspergillus flavus. Sumu hiyo ndiyo aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili huitwa sumukuvu. Hushambulia ini. Ikiliwa kwa wingi huua ndani ya siku chache, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huweza kuleta saratani, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Uganda ilichunguzwa mapema. Sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa zilikusanywa nchini humo mwaka 1966 na 1967, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1971 yalionyesha kuwa takriban tatu kati ya kila kumi zilikuwa na sumu hiyo kwa kiasi kinachopimika. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki mashariki mwa Kenya, zikiwemo wilaya za Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu.

Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya karanga. Kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakisikiki kwa ulimi. Kukaanga hupunguza sehemu tu ya sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Kukausha, kuchambua, kuhifadhi

Ugumu wa West Nile ni kwamba karanga za msimu wa kwanza huvunwa katikati ya mwaka, mvua zikiwa bado zinanyesha. Mavuno hayapaswi kulazwa juu ya udongo mtupu. Huanikwa juu ya turubai, mkeka au kichanja, hugeuzwa mara kadhaa kwa siku, na hufunikwa au kuingizwa ndani mvua inapotishia. Karanga iliyokauka husikika ikicheza ndani ya ganda likitikiswa, na punje yake huvunjika badala ya kupinda.

Ipo desturi ya kulowesha maganda kwa maji ili yabanguke kwa urahisi. Humpunguzia mbanguaji uchungu wa vidole, lakini humrudishia kuvu unyevu ambao jua liliuondoa. Ni salama zaidi kuzihifadhi karanga ndani ya maganda yake na kubangua zile tu zinazohitajika. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kisha hufuata kuchambua, kazi inayookoa maisha kuliko zote na isiyogharimu hata shilingi. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika au zilizoota ukungu huondolewa moja moja, kwa kuwa sumu nyingi hukusanyika katika punje chache. Kishawishi kinajulikana: punje nzuri huuzwa, mbovu husagwa kwa matumizi ya nyumbani, kwa sababu zikishasagwa hazitambulikani. Hapo familia hubakiwa na sumu ambayo mnunuzi ameikataa. Punje mbovu hazifai kwa kuku wala ng'ombe pia. Hufukiwa au kuchomwa.

Anayenunua karanga zilizosagwa tayari hana namna ya kujua zilikuwaje. Ni heri anunue punje nzima, azichambue, ndipo apeleke mashineni. Karanga zilizosagwa hukaa wiki moja au mbili katika chombo kikavu kilichofunikwa. Zikianza kunuka kama rangi ya mafuta, zimechacha.

Watoto na wenye mzio

Punje nzima humkaba mtoto, hivyo aliye chini ya miaka mitano apewe zilizosagwa tu. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kukorogewa kijiko kidogo cha karanga zilizosagwa katika uji. Utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015, uliohusisha watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya mzio, ulionyesha kuwa kuanza karanga mapema kulipunguza mzio huo kwa kiasi kikubwa. Mtoto mwenye ukurutu mkali amwone mhudumu wa afya kwanza. Kuvimba midomo, vipele vya ghafla au kupumua kwa shida baada ya kula ni dalili za kumkimbiza hospitali.

Mtoto aliyekonda sana au kuvimba miguu hatibiwi kwa karanga za nyumbani. Pakiti za dawa-lishe zinazotolewa vituoni, zenye gramu 92 na kalori 500, hutengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini kwa vipimo maalumu. Pakiti hizo ni tiba ya mtoto huyo, si za kugawanywa kwa familia wala kuuzwa.

Kwa familia zilizohamia Ulaya, Australia au Amerika Kaskazini, ni vyema kuuliza shuleni kabla ya kumfungia mtoto karanga au ufuta. Shule nyingi huko huomba zisiletwe, kwa ajili ya wanafunzi wenye mzio mkali.