Hita ya gari haitoi joto? Kagua mambo haya kabla ya kumwita fundi

Msimu wa baridi wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Juni hadi Agosti, ndio unaofichua magari ambayo hita zake zilikufa zamani bila mwenyewe kujua. Gari lililonunuliwa Dar es Salaam au Morogoro linaweza kukaa miaka bila mtu kugusa kitufe cha hita. Likipandishwa Njombe, Makete au Mbeya, alfajiri ya kwanza yenye ukungu dereva anafungua hita na kupulizwa na upepo wa baridi.

Hili si suala la kutetemeka tu. Kioo cha mbele kikishika ukungu kwa ndani, dereva haoni mtembea kwa miguu wala baiskeli yenye mzigo wa mkaa. Pia hita iliyopoa ghafla mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba maji ya injini yanapungua, na anayeipuuza anaweza kuishia kununua injini nyingine. Ndiyo maana tumeandaa maelezo haya, msikilizaji, uyasome kwenye simu ukiwa kando ya gari lako.

Hita hupata wapi joto?

Hita ya gari la petroli au dizeli haina moto wake. Injini ikifanya kazi huchemsha maji yanayoizunguka. Sehemu ya maji hayo hupita kwenye hozi mbili na kuingia katika rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa kwenye rejeta hiyo, na hewa hutoka ikiwa na joto.

Kwa hiyo vinahitajika vitu vinne: injini yenye joto la kutosha, maji yanayozunguka, njia ya maji iliyo wazi, na feni inayopuliza. Hita ikiwa dhaifu, kimojawapo kimepungua.

Hatua ya 1: Tazama maji, injini ikiwa imepoa

Fanya hivi asubuhi kabla ya kuwasha gari. Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yana mgandamizo na yatakurukia usoni.

Fungua mfuniko utazame. Maji yanatakiwa kufika juu kabisa ya rejeta, na kwenye kopo la akiba yawe kati ya alama mbili. Yakiwa pungufu, hita huwa ya kwanza kukosa, kwa sababu kwenye magari mengi rejeta yake imekaa juu. Ukisikia mlio wa maji yanayogugumia nyuma ya dashibodi, hiyo ni hewa imeingia kwenye mfumo.

Jaza, kisha tafuta yalikokwenda. Angalia hozi, viungio vyake, pampu ya maji na chini ya gari. Angalia pia mfuniko wenyewe, maana mpira wake ukichakaa hauzuii tena mgandamizo. Kwa watu wa milimani jambo hili ni muhimu zaidi. Kwenye uwanda wa Kitulo, takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria wazi huchemka kwenye nyuzi joto 91 hivi badala ya 100. Mfuniko mzima ndio unaozuia maji ya rejeta yasichemke mapema na kumwagika.

Hatua ya 2: Soma geji ya joto

Endesha gari dakika 15 hadi 20 ukitazama mshale wa joto kwenye dashibodi.

Mshale ukikaa chini muda wote, hasa kwenye mteremko, themostati imekwama ikiwa wazi au haipo kabisa. Themostati ni mlango mdogo unaobaki umefungwa hadi maji yafike kiwango fulani, mara nyingi kati ya nyuzi joto 80 na 90. Mafundi wengi wa maeneo ya joto huing'oa gari linapochemsha. Matokeo yake injini haifikii joto lake, hula mafuta zaidi, huchakaa mapema, na hita haipati kitu. Katika baadhi ya injini, kuing'oa hufanya maji yakwepe rejeta kubwa na gari kuchemsha zaidi.

Unaweza kuijaribu themostati iliyotolewa. Itie kwenye sufuria ya maji ukiifunga kwa uzi, weka jikoni, utazame. Inatakiwa ianze kufunguka kabla maji hayajachemka vizuri, na ikipoa ijifunge. Isipofunga, nunua nyingine yenye namba ileile ya joto iliyochongwa juu yake.

Mshale ukipanda kuelekea juu huku hita ikitoa baridi, simama mara moja na uzime injini. Hapo maji yamekwisha au hayazunguki. Usijipe moyo kwamba utafika kijiji kinachofuata.

Tukumbushe pia kwamba injini ya dizeli huchelewa kupata moto. Kuiacha inguruma bila kutembea kwa dakika chache hakutoshi kuihukumu hita yake.

Hatua ya 3: Shika hozi mbili za hita

Injini ikishapata moto, weka hita kwenye joto la juu kabisa kwa dakika chache, kisha zima gari. Tafuta hozi mbili zinazoingia kwenye ukuta kati ya injini na chumba cha abiria, uziguse kwa tahadhari. Weka khanga, kitenge au mkono wa koti mbali na feni ya rejeta, maana feni za umeme huweza kuanza zenyewe hata gari likiwa limezimwa.

Zote mbili zikiwa za moto, maji yanapita vizuri. Tatizo liko ndani, kwenye kilango cha hewa au feni.

Moja ya moto na nyingine ya baridi, rejeta ya hita imeziba au koki yake haifunguki. Baadhi ya magari ya zamani yana koki inayovutwa na kebo kutoka kwenye kitufe cha dashibodi. Kebo hiyo ikichomoka, kitufe kitazunguka bila kufanya kazi, na kuirudisha ni kazi ya dakika chache.

Zote zikiwa baridi, rudi hatua ya 1 na ya 2.

Hozi moja ikitoka kwenye injini na kurudi injini bila kufika ukutani, hita yako imekatwa. Rejeta ya hita ilivuja, na aliyelitengeneza gari aliunganisha hozi ili maji yasipotee. Hapo hakuna kitufe kitakachosaidia mpaka rejeta hiyo ibadilishwe.

Hatua ya 4: Toa hewa, safisha njia

Kutoa hewa, egesha gari likiangalia mlimani, weka breki ya mkono na vizuizi kwenye magurudumu. Injini ikiwa imepoa fungua mfuniko, weka hita kwenye joto la juu, kisha washa. Ongeza maji kidogo kidogo kadiri mapovu yanavyotoka, ukikaa mbali na mdomo wa rejeta. Mapovu yakikoma na hita ikianza kutoa joto, funga.

Mapovu yasipokoma kabisa, zingatia hili. Ukiona pia moshi mweupe usioisha, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au maji yanapungua bila kuvuja popote, gasketi ya silinda hedi huenda imeungua. Peleka kwa fundi, usiendelee kuendesha.

Rejeta ya hita huziba kwa kutu kwa sababu wengi tunatumia maji ya bomba au ya mtoni badala ya kulanti. Kuisafisha, fundi hufungua hozi zote mbili injini ikiwa baridi na kupitisha maji safi kwa nguvu ndogo, kuanzia upande ambao maji hutokea. Nguvu ikizidi, rejeta ya zamani hupasuka. Baadaye jaza kulanti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kulanti ni sumu na nyingi zina utamu. Usiimwage mahali ambapo kuku, mbwa au ng'ombe hunywa, wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda nyumbani kwenye watoto.

Hatua ya 5: Upepo ni mdogo?

Kama joto lipo lakini upepo ni dhaifu, safisha matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Huku kwetu hujaa majani ya mipaini na mikaratusi. Gari likiwa na chujio la hewa ya ndani, mara nyingi nyuma ya droo ya dashibodi, libadilishe. Feni ikifanya kazi kwenye mwendo wa juu pekee, rizista yake imeungua. Isipofanya kazi kabisa, anza na fyuzi. Usiweke kipande cha waya badala ya fyuzi, kitachoma gari.

Kuondoa ukungu kwenye kioo, elekeza hewa kiooni, chagua hewa ya kutoka nje badala ya ile inayozunguka ndani, na washa AC kama ipo. AC hukausha hewa hata hita ikiwa imewashwa.

Harufu na hatari

Harufu tamutamu ndani ya gari, utando wa mafuta kiooni au zulia lililolowa mbele, mara nyingi upande wa abiria, ni dalili ya rejeta ya hita inayovuja.

Harufu ya moshi ni hatari zaidi. Ekzosi ikivuja chini ya boneti, hita inaweza kuvuta gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo yenyewe haina rangi wala harufu. Mkianza kuumwa kichwa, kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida, simamisheni gari, tokeni nje na mpate msaada. Kwa sababu hiyohiyo, usiingize jiko la mkaa kwenye gari wala kwenye chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache. Gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini.

Ukifika kwa fundi

Mweleze ulichokiona: maji yalikuwa wapi, mshale ulikaa wapi, hozi ipi ilikuwa ya moto. Kubadilisha rejeta ya hita kwenye magari mengi kunahitaji kufungua dashibodi, na kazi hiyo ina gharama. Mfuniko, themostati, kebo na fyuzi ni rahisi zaidi, kwa hiyo mwombe aanze na hivyo. Akikushauri kuing'oa themostati ili gari lisichemke, mwombe kwanza akuonyeshe linachemka kwa sababu gani.